Hata Lini? Gumzo la Kikundi cha Familia

Dada Mkubwa, saa 2:05 usiku
Shikamooni wazazi wangu, nanyi wadogo zangu habari za jioni. Nimesita kuandika hapa tangu Jumatatu, lakini si vyema mambo yangu myasikie pembeni. Vipimo vya shemeji yenu vimetoka tena bila jibu. Huu ni mwezi wa tano na huyu ni daktari wa tatu. Leo nimekabidhiwa bahasha nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha vipimo, nikaichana upande usiofaa kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka, nikakuta imeandikwa kwamba hakuna kilichoonekana na kwamba turudi baada ya wiki sita. Kazi niliyohamia mwaka jana nayo imekwisha, kwa kuwa kitengo chetu kimefungwa.

Dada Mkubwa, saa 2:11 usiku
Naomba mnielewe kwamba kinachonisumbua si maumivu peke yake. Kazi ile niliiombea na kuifungia, tukashauriana humu humu, na milango ikafunguka kwa namna ambayo sote tulisema ni mkono wa Bwana. Sasa sijui kama nilisikia vibaya, au kama nilisikia vizuri na bado nikaletwa hapa. Nikipiga magoti nasema "Bwana", kisha maneno yanakatika.

Kaka, saa 2:14 usiku
Pole sana Dada. Shika Yeremia 29:11, kwamba mawazo yake kwetu ni ya amani wala si ya mabaya. Amini tu, usikiri udhaifu, na utaona mambo yakikaa sawa hivi karibuni.

Baba Mdogo, saa 2:31 usiku
Mwanangu, pole, na asante kwa kutuambia. Kijana wangu, naomba niseme neno juu ya mstari huo, wala usilipokee kama kemeo, kwa maana nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na nimewahi kuwapa wafiwa mstari huo huo kwa haraka hiyo hiyo, nikaondoka nikidhani nimewafariji. Hebu usome mstari wa 10 unaoutangulia. Sura hiyo ni barua ya Yeremia, nayo waliandikiwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, nao wanaambiwa kwamba Bwana atawajilia baada ya miaka 70. Wengi waliosikia barua ikisomwa walijua watazikwa huko huko. Aliyewaambia "hivi karibuni" alikuwa nabii Hanania, katika sura ya 28, aliyeahidi kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli ingevunjwa, na Yeremia akamwambia kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba anawatumainisha watu hawa maneno ya uongo.

Kaka, saa 2:36 usiku
Nimeupokea, Baba Mdogo, na Dada unisamehe. Ila nauliza kwa nia njema: tukiacha kusema "hivi karibuni", tutamwambia nini? Tusimpe tumaini?

Baba Mdogo, saa 2:48 usiku
Tumaini apewe, ila lisifungwe kwenye tarehe ambayo Mungu hakuitaja. Mateka wale waliambiwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule uliowashikilia. Mimi huona kwamba aya hizo za 5 hadi 7 ndizo ngumu kuliko ile ya 11, kwa maana ni rahisi zaidi kusubiri siku ya kutoka kuliko kuamini kwamba Mungu yupo nawe siku ya leo, ambayo haina lolote la kutolea ushuhuda.

Shangazi, saa 2:55 usiku
Mwanangu, mimi si msomaji kama kaka yangu, lakini Yohana 11 naijua kwa sababu niliishi ndani yake mwaka ule niliofiwa. Martha na Mariamu walituma ujumbe kwa wakati. Bwana alipata habari, na Biblia yasema wazi kwamba alimpenda Lazaro na dada zake, halafu akakaa siku mbili palepale alipokuwa. Alipofika, Martha alimwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye, kwa zamu yake, akamwambia maneno hayo hayo, kana kwamba siku zote nne tangu ndugu yao azikwe walikuwa wakiambiana hivyo wenyewe kwa wenyewe ndani ya nyumba. Hakumkemea hata mmoja. Na ingawa alijua atakalolifanya baada ya muda mfupi, alilia machozi. Mimi hapo ndipo nilipopumzika, kwa kuwa hadi leo sijajibiwa kwa nini alikawia.

Mdogo Wetu, saa 3:02 usiku
Shikamooni. Naomba kuuliza jambo ambalo katika vijana wa kanisa huwa tunaogopa kuliuliza: je, Dada akimwambia Mungu kwamba haelewi na kwamba amechoka, si kumlaumu huko? Tunafundishwa kushukuru katika kila jambo.

Baba Mdogo, saa 3:10 usiku
Swali zuri. Habakuki alikuwa nabii, na kitabu chake kinaanza na maombi yake kwa kilio cha "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili. Maneno hayo yaliwekwa katika Maandiko ili nasi tuyaombe. Waisraeli jangwani walinung'unika wao kwa wao hemani, wakimsema Mungu kama mtu asiyekuwapo. Habakuki alimgeukia yeye mwenyewe, kisha akapanda juu ya boma kungoja atakavyojibiwa. Na jibu alilopewa kwanza lilimchanganya zaidi, kwa sababu aliambiwa kwamba Wakaldayo, yaani Wababeli, wanakuja.

Mdogo Wetu, saa 3:19 usiku
Nipo kwa Bibi, nimemsomea yote, naye ameniambia niandike anayosema bila kupunguza neno. Bibi anasema hivi:

"Mjukuu wangu, unasema kama Mungu ndiye aliyekuleta hapo, mbona pako hivi. Wanafunzi hawakuingia chomboni kwa ukaidi wao. Bwana mwenyewe ndiye aliyesema, 'Na tuvuke mpaka ng'ambo', na dhoruba iliwakuta katika njia ile ile aliyowatuma. Naye alikuwa katika shetri, huko nyuma ya chombo, amelala juu ya mto wa kulalia. Kwa hiyo usianze kufukua ulisikia vibaya wapi, utajichosha bure. Wao walimwamsha kwa maneno yasiyo na adabu, wakamwuliza kama si kitu kwake kuwa wanaangamia, na aliamka. Alianza na upepo. Imani yao aliwauliza baadaye, pakiwa shwari."

Mdogo Wetu, saa 3:24 usiku
Haya ni yangu. Bibi amenionyesha Biblia yake katika Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Pembeni ameandika tarehe kwa penseli, za miaka tofauti, nimehesabu 6. Nimemwuliza majibu yaliandikwa wapi, akasema hakuwahi kuandika majibu, aliandika tu siku alizoiomba.

Dada Mkubwa, saa 3:40 usiku
Nimesoma kila neno. Sitawadanganya kwamba nimetulia. Hilo la Bwana kulala katika shetri bado linaniuma, Bibi, kwa maana mimi naona tumekwisha kumwamsha mara nyingi. Lakini nimepunguza mzigo mmoja: tangu Jumatatu nilikuwa nikitafuta dhambi niliyoificha, na usiku huu nitaacha kutafuta.

Kaka, saa 3:43 usiku
Dada, kesho nitakuja kukaa na shemeji ili ulale mchana. Sitakuja na mstari wowote.

Shangazi, saa 3:45 usiku
Eliya alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimletea chakula mara mbili na akaachwa alale kabla ya kuulizwa lolote. Kwa hiyo njoo mapema, kijana. Wiki sita zikiisha, ndani ya chumba cha daktari nitaingia naye mimi, ili kuwe na masikio mengine ya kusikiliza.

Baba Mdogo, saa 3:47 usiku
Nawe mwanangu, maneno yakikatika usiyalazimishe. Sisi tutaomba kwa niaba yako; wewe sema "Bwana" tu.

Dada Mkubwa, saa 4:30 usiku
Nimeifungua Zaburi ya 88 na kuisoma kwa sauti ya chini kando ya kitanda, nikidhani shemeji yenu amelala. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nirudie mstari wa kwanza, ule wa "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Sina penseli hapa. Nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino.