Umeweka dau karata ya tano, mwenzako anapandisha kidogo tu: ulipe au utupe?

shupaza9
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Ni poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, blaindi (dau za lazima kabla ya karata) 10/20, chipu bado nyingi pande zote mbili. Nina A ya shupaza na Q ya kopa, nacheza wa mwisho. Napandisha hadi 60, analipa wa blaindi kubwa peke yake. Mezani 130.

Zinafunguka Q ya uru, 8 ya shupaza, 5 ya uru. Naweka 65, analipa. Ya nne ni 2 ya pau, naweka 170, analipa. Ya tano J ya uru, mezani sasa 600. Anagonga (anapitisha bila kuweka dau), naweka 300, naye anapandisha hadi 600 tu. Kutupa jozi ya Q kwa bei hiyo kunauma, ila ile J ya uru inanitia wasiwasi. Mngefanyaje?

kopa_kavu
Anza na bei. Unalipa 300 kugombea 1,500: zile 600 za mwanzo, 300 zako, 600 zake. 300 kwa 1,800 ni asilimia 16.7, yaani ukishinda mara moja kati ya sita hujapoteza kitu. Wengi wanaishia hapo, "bei rahisi, nalipa", na hapo ndipo chipu zinapoondoka. Hesabu mikono yake, yaani karata mbili mbili anazoweza kuwa ameshika.

Streti (karata tano zinazofuatana) ya 10-9 za rangi moja, yaani zote shupaza, kopa au pau, ukiondoa za uru, ni 3. Seti (tatu za namba moja) za 8 na za 5, tatu tatu, ni 6. Q-J: wewe umeshika Q moja na nyingine iko mezani, kwa hiyo Q mbili mara J tatu, 6. Uru zilizobaki nje ni 10, zinatoa mikono 45 ya flashi (karata tano za rangi moja). Tuseme anacheza theluthi, 15. Jumla 30 zinazokupiga.

Za kutishia nyau? Iliyokosa kweli ni 7-6 iliyokuwa ikisubiri streti, na za rangi moja zisizo uru ni 3 tu. Kwa mikono 30 unahitaji sita ili kulipa kusikupe hasara. Unazo tatu, asilimia 9. Tupa.

mezani_daima
Naunga mkono, ila tazama na upande wake. Anaweka 600 kugombea 900, hivyo ukitupa zaidi ya asilimia 40 anafaidika hata akiwa mtupu. Kinadharia unatakiwa ulinde asilimia 60, yaani usitupe mikono hiyo. Mimi kwenye meza za dau dogo siifuati namba hiyo, kwa sababu mtu anayetaka ukimbie huweka dau la kukukimbiza. Anayepandisha kiduchu baada ya kugonga anataka mkono wake ulipwe.

Na usilifanye jibu hili kuwa sheria ya kila siku. Karata ya tano ingekuwa 3 ya pau, flashi zote zinakufa, na uru zilizokosa zinahamia upande wa kutishia. Hapo A-Q yako inalipa. Vilevile ungeshika A ya uru, flashi zake zinashuka kutoka 45 hadi 36 kabla hata hujaanza kukisia anacheza zipi.

shupaza9
Asanteni sana. Je, mimi mwenyewe nikiwa na mkono mkali, kupandisha kidogo kunafaa?

kopa_kavu
Ukiwa na flashi ya A, hapana. Mtu ameweka 300: ukipandisha hadi 600 unaongeza 300 akilipa, ukipandisha hadi 1,200 unaongeza 900. Yaani la pili likilipwa theluthi ya mara ambazo la kwanza hulipwa, mmelingana. Kwa kawaida hulipwa zaidi ya hapo.

Kidogo kinafaa mkono wako ukiwa wa kati na dau lake likiwa dogo. Ameweka 150 kwenye 600, una Q-8, unapandisha hadi 400 ili A-Q na K-Q zilipe. Kabla hujasukuma chipu jiulize: ni mkono gani dhaifu kuliko wangu utakaolipa? Usipopata hata mmoja, lipa tu 150 mfungue karata.

Jambo la kanuni pia: juu ya dau la 300, kupandisha kunaanzia 600. Mtu akimaliza chipu zote kwa 450, na wa tatu akalipa hizo 450, aliyeweka 300 haruhusiwi kupandisha tena. Anaongeza 150 au anatupa.