Wuthering Heights: mti hupinda kwa asili au kwa upepo?

Mleta mada: Riwaya hii ya Emily Brontë ilitoka mwaka 1847, na bado wasomaji wanagombana: taswira za mimea, miamba na upepo zinasema wahusika walizaliwa hivyo, au walifanywa hivyo? Mimi nasema walizaliwa hivyo. Sura ya 9 Catherine anatamka kwamba roho yake na ya Heathcliff, yatima aliyelelewa nyumbani kwao, ni za asili moja, na ya Edgar Linton, jirani tajiri, iko mbali nazo kama mbalamwezi na radi, au jalidi na moto. Radi haifundishwi kuwa mbalamwezi.

Mchangiaji wa 2: Umechukua kauli ukamwacha msemaji. Catherine yuko jikoni na Nelly, mtumishi wa nyumbani, ameshaikubali posa ya Edgar, na anajitetea. Huo si ushahidi wa maumbile ya mtu. Nenda sura ya 17: Hindley, kaka wa Catherine aliyemtesa Heathcliff utotoni, amekufa; Heathcliff anamshika Hareton, mtoto wa Hindley, na kusema tutaona kama mti huu nao hautapinda kama ule mwingine, upepo uleule ukiupiga. Tena sura ya 1 ilishatuonyesha misonobari iliyodumaa na michongoma iliyolalia upande mmoja kwa upepo wa kaskazini. Miti ile haikuota imepinda!

Mchangiaji wa 3: Kwa mwanafunzi anayeanza, orodha inasaidia: Heathcliff ni mwamba na mwiba, Edgar ni jani. Apate kwanza pa kushika, mengine yatafuata.

Mchangiaji wa 2: Ndugu, orodha hiyo ina makosa, na mwanafunzi ataondoka nayo hadi mtihani. Mwamba wa sura ya 9 si Heathcliff, ni *mapenzi* ya Catherine kwake. Majani yanayobadilishwa na kipupwe ni mapenzi yake kwa Edgar. Mwiba wa sura ya 10 ni Catherine mwenyewe: Nelly anasema mimea ya maua ndiyo iliyoukumbatia mwiba, akimaanisha Edgar na dada yake Isabella wanavyomnyenyekea. Sura ya 14 huyohuyo Catherine ni mwaloni uliopandwa kwenye chungu cha maua, kwa sababu sasa anayesema ni Heathcliff, naye anamdharau Edgar. Mtu mmoja, mimea miwili, wasemaji wawili.

Kila taswira iulizwe mambo matatu kabla ya kuitafsiri: nani anasema, anamwambia nani, na msikilizaji anafanya nini baadaye. Isabella anaambiwa na Catherine kwamba Heathcliff ni nyika kavu ya vichaka vya miiba na mawe. Haamini, anatoroka naye. Naye Heathcliff, aliyekuwa akisikiliza kwa siri jikoni siku ile ya sura ya 9, aliondoka kabla ya kusikia maneno ya mwamba. Alichosikia ni kwamba kuolewa naye kungemshusha Catherine hadhi.

Mleta mada: Kuhusu mwiba nakubali. Lakini Hareton ananiunga mkono: upepo ulimpiga miaka yote, na bado moyo wake haukupinda.

Mchangiaji wa 4: Hareton hanyooki peke yake. Hadi Catherine mdogo, binti wa Catherine na Edgar, anamfundisha kusoma, yeye ni mkali na hajui kusoma vizuri. Sura ya 33 wawili hao wanang'oa vichaka vya matunda vya Joseph, mtumishi mzee, ili wapande maua kutoka Thrushcross Grange, nyumba ya akina Linton. Ardhi ni ileile, upepo ni uleule. Kilichobadilika ni mkono unaopanda. Mwenye hoja ya kuzaliwa aanzie kwenye bustani hiyo.