Naomba ushauri: vitabu gani vya hadithi nimpe binti wa miaka 13 anayesubiri kidato cha kwanza?

Fundi Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 13, kamaliza la saba, yuko nyumbani anasubiri Januari. Natafuta hadithi za Kiswahili za umri wake, zenye mvuto kweli. Za sungura na fisi kashazipita. Kwa sasa anachosoma ni simulizi za kwenye simu, hizi za "itaendelea", tena za wakubwa. Simu ya mama yake haikai na chaji. Tumemkemea wote wawili, wapi. Akishaanza kusoma hata kula hakumbuki. Nipeni majina ya vitabu na pa kuvipata. Niko Morogoro ila Dar nafika. Matusi sitaki.

Mwalimu wa Zamu
Hongera mleta mada, wenzako wanalia watoto hawasomi kabisa. Mwanzishie Takadini ya Ben Hanson. Mtoto anazaliwa albino, mila zinataka auawe, mama yake Sekai anatoroka naye. Nimefundisha kitabu hicho kwa miaka mingi na ndicho pekee kilichonyamazisha darasa la mchana baada ya ugali. Akimaliza, mpe Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo.

Ndimu Mbichi
Mwalimu, usimharibie mtoto. Hivyo tulilishwa sekondari mpaka tukavimbiwa, kila ukurasa "taja dhamira, toa hoja tatu". Mimi nikisikia Ngoswe tumbo linauma hadi leo. Ila Edwin Semzaba huyohuyo wa Ngoswe ana kingine cha vijana, Marimba ya Majaliwa, cha 2008. Kijana anazungushwa Tanzania nzima, na mauzauza yamo. Wa kwangu alikimaliza akaanza kudai tumpeleke mikoa ambayo mimi mwenyewe sijafika.

Bi Mkunazini
Kwetu Unguja tumekulia kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithini. Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla kilichapwa 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Maiti ya tajiri imeonekana kwenye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anafumbua taratibu. Marehemu babu alikuwa akitusomea usiku, akifika pahala patamu anafunga kitabu, anaondoka zake. Tukilala na hamu. Siku moja kaka yangu alikiiba akakimaliza peke yake, kisha akatutoza kashata ndiyo atuambie muuaji nani. Sasa hivi ni wakili.

Mkenya Mtulivu
Majirani, msisahau Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Mwana wa mwimbaji wa taarab anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Niliisoma shuleni kwa lazima, nikairudia kwa hiari. Kiswahili mnachoniona nacho hapa nilikipata humo.

Chumvi Kidogo
Mbona hatujauliza la msingi? Simulizi ni nyingi. Anasoma ipi hasa? Na nyie wazazi mmejuaje kama ni ya wakubwa?

Fundi Kihonda
Chumvi, hilo halina uzito sana. Mimi nimeomba vitabu.

Chumvi Kidogo
Lina uzito. Ukitaka mtoto aache kitu, lazima ujue kinampa nini. Ipi?

Fundi Kihonda
Ile ya dada wa saluni na mume wa bosi wake. Siyo mbaya kihivyo, kuna vipande viwili vitatu tu. Tena ina mafunzo ndani, sehemu ya 47 yule mume anapata ajali ya bodaboda, anajuta na kurudi kwa mkewe. Lakini kwa miaka 13, hapana. Na nimeshalipa nusu ya ada ya bweni, huko simu hakuna, kwa hiyo hilo limeisha. Ninachotaka ni tranka liende na vitabu vya maana.

Dada wa Sinza
Subirini. Hiyo simulizi naifuatilia, nimelipia na niko kwenye grupu. Jana imetoka ya 43. Wewe ajali ya bodaboda umeisoma wapi?

Mbuzi wa Supu
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Chumvi Kidogo
Mleta mada usikimbie.

Fundi Kihonda
Humu watu mna macho. Haya. Naiandika mimi. Natumia jina la kike, mke wangu anajua, mtoto hajui.

Kabla hamjanirukia: ile nusu ya ada imelipwa na huyohuyo dada wa saluni. Niliwahi kuandika hadithi ya watoto, nikaitoa bure kabisa, watu wakaiwekea vidole gumba wakapita. Ya mume wa bosi wanatuma elfu mbili saa saba za usiku, na anayechelewa kupata sehemu mpya ananitukana. Sasa mnataka nilishe familia kwa vidole gumba?

Na mtoto siyo mjinga. Juzi mezani kamwambia mama yake kwamba mwandishi kasahau, shangazi kafa sehemu ya 12, mbona sehemu ya 30 yuko jikoni anapika pilau. Nilimeza ugali, nikaenda chumbani kurekebisha.

Mama Wawili
Mtoto wa mwenzio akisoma ni elfu mbili, wa kwako akisoma ni bweni. Mungu anakuona.

Mzalendo Kindakindaki
Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, hadi Diary of a Wimpy Kid ikaondolewa kwenye maktaba za shule. Tukashangilia tumeokoa maadili. Kumbe jiko lenyewe liko Kihonda.

Ndimu Mbichi
Mzalendo, marufuku imewahi kumzuia nani? Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikaondolewa shuleni, na mama yangu aliisoma akiwa ameificha kwenye atlasi. Fundi, kama hujaisoma, isome wewe kwanza kabla ya binti. Mzee Zakaria anamcharaza bintiye Rosa kwa sababu ya barua moja tu ya mvulana. Ulinzi mkali kweli. Rosa alipofika bweni akawaje?

Fundi Kihonda
Mimi siyo Zakaria. Sijampiga mtoto wala sijafungua daftari lake. Bweni ni uamuzi wa familia na nafasi tumeshaishika. Au nikaombe hela irudishwe kwa sababu ya riwaya?

Chumvi Kidogo
Hakuna aliyesema ukaombe hela. Swali ni dogo: unamwondoa mtoto kwenye simu, au unamwondoa kwenye maandishi yako?

Fundi Kihonda
Vyote.

Jicho la Tatu
Chai hii, tena ya tangawizi. Angalieni wasifu wao. Fundi Kihonda kajiunga mwezi huu, uzi wake wa kwanza ndiyo huu. Dada wa Sinza kajiunga mwezi huuhuu. Mmoja anajikwaa "kwa bahati mbaya" kwenye sehemu ya 47, mwenzake anamdaka palepale. Hayo ni maigizo. Mtu anauza simulizi, na kesho mtaona namba ya kutumia elfu mbili.

Mbuzi wa Supu
Duh. Na mimi nilishaanza kulia kuhusu shangazi.

Dada wa Sinza
Kujiunga mwezi huu ni kosa? Nilikuja kutafuta fundi wa friji! Na friji yenyewe bado haigandishi.

Fundi Kihonda
Jina la simulizi sijataja, la kalamu sijataja, namba sijaweka. Natangazaje kitu kisicho na jina?

Jicho la Tatu
Ndiyo mbinu yenyewe. Watu watakufuata PM wenyewe kuuliza jina. Wangapi wameshakufuata?

Fundi Kihonda
Saba. Sijawajibu.

Mama Wawili
Mmoja ni mimi, lakini nilikuwa nafanya uchunguzi.

Mwalimu wa Zamu
Jamani, iwe chai iwe uji, watoto wa miaka 13 wanaosubiri Januari wamejaa mitaani, na huu uzi watausoma wazazi wengine. Naongeza viwili. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert: chembamba, na ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, hapo hakuna mtoto anayeomba simu. Kiswahili chake ni cha zamani, kurasa za mwanzo msome naye kwa sauti. Kingine ni Ngome ya Mianzi cha Mulokozi, Wahehe na Wajerumani. Shuleni walimwambia vita vya Lugalo ni 1891, basi. Kwenye hadithi atasikia woga na vumbi lake. Kwa pa kununua, Dar anzia duka la vitabu la TPH pale Samora. Na Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto, mpeleke akae humo siku nzima kabla hujatumia hela.

Bi Mkunazini
Na Bwana Msa msimwache. Huyo mtoto keshagundua maiti inapika pilau, huyo ni mpelelezi tayari.

Ndimu Mbichi
Fundi, huyo siyo wa kufichwa, huyo ni mhariri. Andika moja ya umri wake, mpe aisome akiwa na kalamu nyekundu.

Fundi Kihonda
Nani atailipia?

Ndimu Mbichi
Mimi. Elfu mbili. Ila shangazi akifa abaki amekufa.

Jicho la Tatu
Si niliwaambia? Mteja wa kwanza huyo.

Mbuzi wa Supu
Modereta, huu uzi uhamishieni jukwaa la vinywaji.

Dada wa Sinza
Kabla hamjauhamisha: Fundi, ya 44 leo inatoka saa ngapi?

Fundi Kihonda
Saa nne. Akishalala.