Aisoleta ya kilovolti 33 inatoa tao kubwa la umeme: nibadilishe visu?

Kisu_Moto: Wakuu, naombeni ushauri. Kila tunapofungua aisoleta ya nje ya kilovolti 33 (swichi ya kutenga laini, ambayo visu vyake huingia kwenye taya), tao la umeme huchomoza kati ya visu na taya zake, likanguruma na kupanda juu kabla ya kukatika. Ncha za visu zimechimbika na kuota chembe za shaba iliyoyeyuka. Je, nikifunga visu vinene zaidi, tatizo litakwisha?

Mzee_Basiba: Nilipokuwa mwanagenzi, mkuu wetu wa zamu alifungua aisoleta isiyo yake, tukatoka mbio sote hadi getini, yeye akiwa mbele. Vijana wa leo hamsomi hati za uendeshaji.

Relei_ya_Akiba: Mzee wangu, hakuuliza habari za mbio. Kisu_Moto, sakiti breka, ile swichi ya kukatia mkondo, huwa mmekwisha kuifungua kabla ya kushika mkono wa aisoleta?

Kisu_Moto: Breka hiyo hukwama, kwa hiyo hatuigusi. Lakini kazi yenyewe tunaifanya usiku, mzigo wa umeme ukiwa mdogo, na visu nimekwisha kuviagiza.

Relei_ya_Akiba: Ugonjwa ndio huo. Mkondo wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao hupata nafasi ya kuzimika. Ila hewa iliyokwisha kupata joto la maelfu ya nyuzi hugeuka kipitishi, na kwa kuwa visu vinaachana polepole, tao huwaka upya. Breka hutenganisha kontakti zake kwa kasi ndani ya ombwe au gesi ya SF6, ambamo njia hiyo ya umeme hufa upesi. Aisoleta haikuundwa kukata mzigo, hata visu vyake viwe vinene kama nguzo.

Bwana_Shaka: Mimi naona tumeletewa hadithi. Matao ya fezi tatu yangekwisha kugusana, ikawa shoti, na relei, kifaa cha ulinzi, ikakata laini. Hii ni ile video maarufu ya tao la umeme kwenye kituo cha kilovolti 500 cha Eldorado, Nevada, Marekani, iliyopunguzwa volti tu. Isitoshe, kufuli ya usalama hairuhusu aisoleta ifunguke kabla breka haijakata umeme.

Kisu_Moto: Sijatunga. Kufuli hiyo tuliiondoa, maana ilikuwa ikituzuia.

Mzee_Basiba: Ilikuwa ikiwazuia!

Relei_ya_Akiba: Basi mkono huo usiguswe tena. Ombeni laini izimwe kutoka kituo kinachowalisha, breka itengenezwe, kufuli irudishwe, ndipo visu vibadilishwe kwa vingine vya unene uleule.

Kisu_Moto: Vile vinene nimekwisha kuvilipia.