Fluti na violini zinamezwa na tarumbeta: nitoe ala gani?

Mpanga_Nota (Mbeya)
Wakuu, heshima kwenu. Natunga kipande cha dakika 6: fluti 1, klarineti 2, tarumbeta 2, tromboni 2, violini 4, selo 1 na ngoma. Kitapigwa Julai usiku, ukumbi wa kanisa hapa Mbeya, sakafu ya saruji na bati juu. Kwenye MuseScore (programu ya kuandika nota) kila kitu kinasikika safi. Mazoezini, fluti yenye wimbo mkuu haipo kabisa, na violini ni kama zimebaki nyumbani. Ufunguo ni D meja. Katikati nataka niingize ligombo la Wahehe (ala ya nyuzi yenye kibuyu). Nitoe ipi, niongeze ipi?

Besi_Iringa
Mkuu, usitoe kitu kwanza. Fluti umeiandika wapi? Kama wimbo unatembea kati ya C4 (do ya katikati ya piano) na A4 iliyo juu yake, hapo fluti inatoa pumzi zaidi ya sauti. Kompyuta inakudanganya kwa kuwa kila ala ilirekodiwa peke yake, maikrofoni ikiwa jirani. Pandisha oktavu moja.

Halafu shika hesabu ya mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov: wakipiga kwa nguvu, tarumbeta moja ni sawa na honi mbili (honi ya okestra, si ya gari), na honi moja ni sawa na ala mbili za jamii ya fluti na klarineti. Tarumbeta zako 2 zinadai ala 8 za namna hiyo. Wewe unazo 3. Wakipiga kwa sauti ndogo uwiano unakaribiana, kwa hiyo wimbo ukiwa kwa fluti, tarumbeta ziwe na viziba au zinyamaze. Kuwaandikia wote mf (nguvu ya wastani) hakusaidii, kila mtu atapiga mf ya ala yake.

Violini usizigawe 2 kwa 2. Wawili kwenye sauti moja, wakipishana kidogo tu sikio linadaka, watatu wanafichana. Weka 3 sauti ya kwanza, 1 ya pili akiegemea klarineti. Klarineti nyingine izibe pengo la viola (ala iliyo kati ya violini na selo, ambayo huna) kwa nota zake za chini.

Solfa_Tu
Kaka, na hiyo D meja iangalie. Violini wanaipenda, lakini klarineti na tarumbeta za B flati husomewa toni moja juu, yaani E meja, shapu 4 (alama za kupandisha nota). Hamia F meja: wao watasoma G, shapu 1, na violini flati 1 tu (alama ya kushusha nota).

Kabla hujachapa karatasi waulize wapiga tarumbeta wanasomaje. Waliolelewa na mtindo wa bendi za makanisa ya Kijerumani husoma nota kama inavyolia, hata mkononi wakiwa na tarumbeta ya B flati. Ukiwapa karatasi iliyohamishwa, watapaa toni moja juu ya wenzao.

Kibuyu
Ligombo sauti yake ndogo, na halikupimwa kwa piano. Wanyamazishe wengine. Selo ishike nota moja ndefu bila kutikisa kidole, nota hiyo itafutwe kwa kusikiliza ligombo, si kwa programu ya simu. Ngoma kwa vidole. Maikrofoni moja, sentimita 20 hivi kutoka kwenye kibuyu.

Kingine, Julai ya Mbeya. Ala za kupuliza hushuka kama senti 3 kwa kila nyuzijoto 1 inayopungua (nusu toni ni senti 100). Ukumbi ukitoka 22 hadi 12 umepoteza senti 30, karibu theluthi ya nusu toni, na violini hazishuki nazo. Kwa hiyo fluti ikinyamaza vipimo (baa) 20, usiirudishe na nota ndefu ikiwa peke yake. Mwandikie mpigaji kwenye karatasi: "pasha ala", apulize pumzi ya moto ndani bila kutoa sauti. (Shukuru si Machi. Mvua ya bati inameza hata tromboni.)

Mpanga_Nota (Mbeya)
Ni kweli, wimbo ulianzia C4. Na tarumbeta wote wawili wanasoma inavyolia. Kwa F meja, uzi wa C wa selo nauacha wazi?

Besi_Iringa
Uache. Ndiyo nota ya tano ya F, na hakuna uzi mzito kuliko huo kwenye selo.