Fundi wa mageti wa huku pwani, mnamjua, leo kanimaliza mbele ya mama mkwe

MamaUnunio aliandika:

Wakuu nimekaa barazani mikono inatetemeka, chai imepoa sijaigusa. Yule fundi wa kuchomelea wa huku kwetu, simtaji na hakuna haja ya kumtaja, yule wa pikipiki nyekundu ambaye kila geti la mtaa huu kaligusa na kila geti la mtaa huu linalia usiku kama fisi, leo kasimama mbele ya mama mkwe wangu aliyefika jana tu kutoka Singida, akalamba kidole, akakipitisha kwenye bawaba, kidole kikatoka chekundu kama kimechovywa kwenye mawese, akakitazama, akasema "Mama, hii sio kutu. Rangi imeiva."

RANGI IMEIVA.

Embe linaiva. Ndizi inaiva. Jipu linaiva. Nimeishi miaka 41 sijawahi kusikia rangi ya geti inaiva! Halafu hakuishia hapo, kile kidole akakifuta kwenye ukuta wangu mweupe, alama ipo pale mpaka sasa hivi naiona kutoka hapa nilipokaa.

Nilimlipa laki 9 na nusu mwezi wa 3. Leo ni mwezi wa 11. Miezi 8 tu, kusi imepita, kaskazi ndio kwanza inaanza, na geti linafunguliwa na watu watatu na dua. Nilimwambia tangu siku ya kwanza, fundi hapa bahari iko mita 200, niletee bomba za gavanaizi, zile za chuma zilizopakwa zinki. Akaleta, sikatai, nikaziona zinang'aa na yale maua maua yake. Sasa akaanza kuchomelea. Kila kiungo kinatoa moshi mweupe mzito, mimi nikadhani ndio ufundi. Kumbe ule moshi ndio zinki yangu inapaa! Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kwenye 907 inachemka, chuma chenyewe kinataka kama 1500, kwa hiyo kabla chuma hakijashikana zinki ya pale imeshaondoka zamani. Akimaliza kuchoma anapitisha grainda, ile kidogo iliyobaki pembeni naye anaisugua, anasiliba puti, anapuliza rangi ya silva juu, linapendeza kama bibi harusi. Na kutu imeanzia wapi? Palepale kwenye viungo! Katikati ya bomba hamna kitu, safi, ukienda kwenye kiungo unakuta donda.

Chini ndio msiseme. Bomba la chini kaliacha wazi upande mmoja, mvua inaingia haitoki. Nimechomeka bisibisi jana, imezama kama kwenye boga lililooza. Nikamwonyesha hilo nalo. Jibu lake mnalijua. Rangi imeiva.

---

Kibopa_wa_Tegeta:

Dada pole ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. "Rangi imeiva" naanza kuitumia leo, gari yangu fenda zote mbili zimeiva.

---

MjengoniDaima:

Laki 9 na nusu geti la gari la milango miwili halafu unalia? Hiyo hela haitoshi hata kazi ya maana. Ulitaka rahisi umeipata rahisi, unatuletea kelele za nini hapa.

---

MamaUnunio:

@MjengoniDaima bei aliitaja yeye, sikupunguza hata mia. Mimi sigombani na bei. Nagomba na mtu mzima kulamba kidole, kusugua kutu, kuiona kwa macho yake mawili kwenye kidole chake mwenyewe, halafu akaniambia imeiva. Mbele ya mama mkwe! Mama wa watu kanitazama kwa huruma, kaniuliza "kwani huku rangi zinaiva?" Nimjibu nini?

---

Injinia_Mstaafu:

Binti yangu uko sahihi na nakuunga mkono. Zinki inakilinda chuma kwa kujitoa yenyewe, inaliwa yenyewe kwanza, ndio maana hata ukikwaruza kidogo gavanaizi haishiki kutu haraka. Ila ukiichoma kwa welding pale hakuna tena wa kujitoa. Fundi alitakiwa asugue kiungo kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, apake rangi yenye zinki nyingi, si puti, ndipo aje na praima na rangi ya juu. Na bomba la chini lizibwe kote au litobolewe tundu la kutolea maji.

Halafu watu wanadhani kutu ya pwani inaletwa na mvua. Mvua kubwa inakusaidia, inasuuza. Adui ni ule umande wa usiku na chumvi iliyotua kwenye chuma. Weka chumvi ya jikoni kwenye kisosi barazani hapo Ununio, asubuhi utaikuta imelowana bila tone la mvua. Ndivyo geti lako linavyokaa, linalala na maji ya chumvi mwilini kila siku. Na upande uliofichwa na mvua, kama chini ya kofia ya nguzo, ndio unaooza wa kwanza.

---

MamaUnunio:

@Injinia_Mstaafu shikamoo baba. Asante sana. Umeona sasa? Umande! Chumvi! Mtu anaweza kuniambia neno "umande" nikamwelewa. Yeye kaniambia imeiva.

---

Moto_na_Chuma:

Mimi ni fundi. Mnatusema sana. Ule moshi mweupe mnaousema mimi ndio naumeza, jioni nakuwa na homa natetemeka, nakunywa maziwa, kesho narudi tena. Mteja ukimwambia kiungo kinataka rangi ya zinki na kopo moja bei yake hii, anakwambia fundi weka redoksaidi tu, ile rangi nyekundu ya kawaida ya chuma. Baada ya mwaka anakupigia anakuita mwizi. Simtetei huyo wa pikipiki nyekundu, namjua, hata mimi kaniharibia kazi mbili. Ila semeni na wateja pia.

---

BintiMakunduchi:

Afadhali yako geti. Mimi niliuziwa reli za ngazi, nikaambiwa stenlesi, baharini hazishiki kutu milele. Nikapima na sumaku haikushika, nikalipa. Sasa zina madoadoa ya chai kila mahali, zingine zimetoboka vishimo kama sindano.

---

Injinia_Mstaafu:

@BintiMakunduchi sumaku haikuambii kitu hapo. Kuna stenlesi 304 na kuna 316, zote sumaku haizishiki sana na kwa macho ni mapacha. 316 imetiwa metali ya molibdenamu asilimia 2 hadi 3, hiyo ndio inayostahimili chumvi. Wewe huenda umeuziwa 304, ni nzuri kwa sufuria na sinki. Zisuuze kwa maji baridi ya bomba kila wiki, zitakaa kidogo.

---

Nyali_Finest:

Hapa Mombasa ni hivyo hivyo ndugu zangu. Jirani alijenga na mchanga wa ufuo juu ni wa bure, akakoroga na maji ya kisima cha chumvi. Nondo zikaanza kuoza huko ndani, na kutu ikimea inakuwa nene kuliko chuma iliyokula, so inasukuma zege kutoka ndani. Kipande kimeanguka kutoka kwa dari juzi saizi ya godoro ya mtoto. Wewe unalia juu ya bawaba?

---

MamaUnunio:

@Nyali_Finest pole kwa jirani, ila hakuna aliyesimama chini ya hiyo dari akamwambia zege imeiva.

---

Msafiri_Muscat:

Nyie hamjaona. Huku Muscat, mtaa wa karibu na bahari, ile mashine ya nje ya AC mapezi yake ni aluminiamu na mabomba ni shaba. Hizo mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi aluminiamu ndio inaliwa. Miaka 3 tu ukipitisha mkono mapezi yanadondoka unga mweupe kama ugali mbichi. Na mafundi wa huku wanakwambia gesi imeisha. Wanajaza gesi, unalipa, wiki mbili imeisha. Wamenijazia gesi mara 4!

---

Kibopa_wa_Tegeta:

@Msafiri_Muscat gesi imeiva hiyo.

---

Mwana_Dodoma:

Hameni. Njooni bara. Geti la babu yangu hapa halijawahi kupakwa rangi tangu nazaliwa, lina kutu nyembamba ya juu tu, ukilisukuma kwa kidole linafunguka.

---

Samaki_Samaki:

Sisi wa boti tusemeje? Injini ya nje ukiirudisha ufukweni bila kuisuuza kwa maji ya bomba umeiua. Na kile kipande cha zinki kinachofungwa pale karibu na panga la kusukuma boti, vijana wanakipaka rangi ili kipendeze!!! Kikipakwa rangi hakifanyi kazi tena, kinatakiwa kiliwe chenyewe. Nimewafukuza wawili.

---

MamaUnunio:

Jamani tumetoka kwenye geti. Nimerudi tena pale ukutani nikajaribu kuifuta ile alama ya kidole kwa sabuni na dasta, haitoki. Imeingia kwenye rangi ya ukuta. Nitapaka ukuta mzima kwa ajili ya kidole kimoja cha mtu aliyesema rangi imeiva.

---

Kigoma_Ujiji:

Mnalia na geti la miezi 8. Meli yetu ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, ilitengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza tena kubeba watu. Injini zilikuwa salama kwa sababu kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka grisi nene. Hao ndio mafundi.

---

Samaki_Samaki:

@Kigoma_Ujiji ziwa ni maji baridi kaka, hayana chumvi. Ingezamishwa Bahari ya Hindi mngeibua chekeche.

---

Kigoma_Ujiji:

@Samaki_Samaki miaka chini ya maji ni miaka. Wewe injini yako inakufa usiku mmoja.

---

Moto_na_Chuma:

Subiri kwanza, hiyo grisi walipaka ndani ya silinda au juu juu tu? Na walizibaje? Nina compresa nataka kuifungia stoo mwaka mzima hapa Kigamboni.

---

Samaki_Samaki:

Mimina oili silinda, zungusha kwa mkono, ziba matundu yote kwa tambara lenye oili. Grisi weka nje kwenye bolti.

---

Kigoma_Ujiji:

Na usiiweke sakafuni, nyanyua juu ya mbao.