Familia ya Bibi: Choo cha Muheza

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Fundi amekwama. Sinki la choo limefika zima, ila tukilikalisha kwenye bomba, tangi linagonga ukuta. Natuma picha.

Mama Mdogo Salma: Marahaba mwanangu. Ukutani mmeshabandika marumaru?

Zuhura: Bado. Ni tofali tupu, hata plasta haijapigwa. Fundi anataka tuvunje jamvi, bomba lisogezwe mbele.

Rashidi: Zege lenyewe bado bichi hilo! Kuna yale mabomba ya kujikunja, nimeyaona dukani. Si aweke hilo tu?

Mjomba Hamisi: Msivunje wala msinunue kitu. Zuhura, chukua futi, pima toka katikati ya mdomo wa bomba hadi ukuta wa nyuma. Katikati, si ukingoni. Kisha kulia na kushoto.

Zuhura: Nyuma 18. Kulia 45, kushoto 60.

Mjomba Hamisi: Pembeni pako vizuri, mtu akikaa anataka angalau sentimita 38 kila upande. Tatizo ni nyuma. Na hiyo 18 msiihesabu kuwa 18. Plasta na marumaru vitakula kama 3, mtabaki na 15. Sinki mlilonunua ni la S, linatolea chini, na mengi ya aina hiyo yanataka 30 toka ukuta uliokwisha kumalizwa. Hapo halikai.

Rashidi: Na la kujikunja, mjomba?

Mjomba Hamisi: Lile ndani lina mikunjo, uchafu na karatasi vinashika humo humo. Halafu linahitaji nafasi ambayo chini ya sinki la S haipo. Kuna viunganishi vilivyopinda kidogo, navyo vingi vinasogeza sentimita 2 hadi 4. Sisi tunadaiwa 15.

Mama Mdogo Salma: Basi fundi avunje tu, yaishe.

Mjomba Hamisi: Akivunja itabidi afukue hadi lilipopita bomba, arefushe, na mteremko ubaki sentimita 2 na nusu kwa kila mita hadi chemba. Wengi hawafanyi hivyo. Wanalaza kona mbili za 90 zikifuatana, wanafukia, na kila baada ya muda mnaita mtu wa kuzibua. Choo hiki ni cha Mama, sitaki ahangaike nacho.

Badilisheni sinki. Chukueni la P, mdomo wake uko nyuma, kama sentimita 18 juu ya sakafu. Unalivika kona moja inayoshuka bombani.

Rashidi: Hiyo kona si ya 90 pia?

Mjomba Hamisi: Ni ya 90, lakini inashuka wima, maji yanaanguka yenyewe. Zinazosumbua ni zile zilizolala sakafuni.

Mwanaidi, ukifika dukani usilipie kwanza. Waombe wavike kona kwenye sinki, wasogeze tangi hadi liguse ukuta, upime toka ukutani hadi katikati ya mdomo wa kona. Isizidi 15. Ikiwa 13 au 14 chukua, tangi litaachana na ukuta kidogo tu.

Dada Mwanaidi: Nimewapigia. Wanabadilisha maadamu halijaguswa na saruji na risiti ipo. Nitatafuta refu, magoti ya Bibi hayamruhusu kushuka chini sana.

Mjomba Hamisi: Umefanya la maana. Sentimita 45 hadi anapokalia, litamfaa. Na mdomo wa bomba uzibwe kwa tambara mpaka siku ya kufunga, kokoto zisiingie. Tambara libaki linaning'inia nje, lisije likasahaulika ndani.

Zuhura: Fundi anauliza, alimwagie saruji chini lisitikisike?

Mjomba Hamisi: Hapana kabisa! Siku likiziba au likipasuka mtalitoa kwa nyundo. Skrubu na plagi. Marumaru atoboe taratibu, drili isiwe kwenye kugonga. Silikoni iwe ya mwisho.

*Jumamosi*

Zuhura: Limekaa! Plasta na marumaru tayari, tangi limeachana na ukuta kidole kimoja. Picha hiyo.

Mjomba Hamisi: Safi. Silikoni bado? Zungusha karatasi kavu ya chooni kwenye maungio, flashi mara kadhaa, uiguse.

Zuhura: Imelowa upande wa kushoto.

Mjomba Hamisi: Mpira umejikunja. Alegeze skrubu, avute sinki mbele, apake sabuni ya maji kwenye mpira, alirudishe limenyooka, asilizungushe.

Zuhura: Amerudia. Karatasi kavu pande zote, tumemwaga na ndoo nzima kwa mkupuo.

Mjomba Hamisi: Sasa apake silikoni mbele na pembeni. Nyuma aache uwazi kidogo, siku pakivuja mtaona maji yakitoka badala ya kulala chini ya sinki. Asikae mtu mpaka kesho.

Mama Mdogo Salma: Chuma cha kushikia naleta mimi. Kifungwe kulia, ndiyo mkono wake wenye nguvu.

Mjomba Hamisi: Kifungwe Bibi mwenyewe akiwa amekaa, urefu auchague yeye.